Mgongo wa Mkwe

Mara ya tatu Akiteng alipokwenda kuanua vitambaa vya makochi, jivu lilikuwa limemtangulia. Lilikuwa jivu la majani ya miwa, jepesi, jeusi, refu kama uzi wa kushonea, lile linaloshuka bila sauti na ukiligusa tu linakuachia mstari. Alivikung'uta vitambaa, vikazidi kuchafuka. Akavirudisha kwenye beseni, akaketi juu ya jiwe la kufulia, akashika tama.

"Hivyo vitambaa vimekukosea nini?" aliuliza mama yake, Anyait, kutoka mlango wa jikoni.

"Toto," alisema Akiteng, akimwita mama kwa Kiteso, "wageni wako njiani na nyumba inanuka kama tanuri la mkaa."

"Si wanatoka Funyula? Kwani huko hakuungui?"

Kulikuwa kunaungua. Februari hiyo kulikuwa kunaungua kila mahali. Tangu wiki ya Krismasi halikuwa limeanguka tone la mvua kuanzia Malaba mpaka Busia. Watu walichoma mabua ili walime mapema, na moto ukawaponyoka. Leo ni shamba la miwa la fulani, kesho ni nyasi za kuezekea za fulani, kesho kutwa ni mizinga ya nyuki. Kila ilipofika saa nane mchana upepo uliamka, na watu nao wakaamka kwenye viti vyao wakaanza kutazama huku na huku. Mitungi ya maji ilikaa mlangoni usiku na mchana. Padri alikuwa ametangaza kanisani kwamba mwanamume asiyetoka na panga akakate matawi mabichi moto ukifika kwa mwenzake, asijiite jirani. Watoto wa shule walikohoa, kuku walikohoa, na kila mtu alikuwa mkali bila sababu.

Anyait aliegemea fimbo yake akamtazama binti yake kwa huruma. Tangu alipoteleza kisimani mwaka juzi, nyonga yake ya kushoto haikurudi sawa. Kupika aliweza, kupalilia aliweza, kugombana na kuku aliweza sana. Kukimbia ndiko hakuweza.

"Inuka ukajipake mafuta," alisema. "Mtu anayekuja kukuoa haji kuoa vitambaa."

Wapo wasichana wanaomngojea mchumba kwa manukato. Akiteng alimngojea wake akinuka moshi, moyo ukimdunda kila alipomsikia mbwa akibweka njiani.

Mchumba mwenyewe alikuwa Wandera, fundi wa tairi pale Malaba, malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Akiteng aliuza mbegu na dawa za ng'ombe katika duka lililotazamana na foleni hiyo. Siku ya kwanza Wandera aliingia kununua glavu za mpira, akalipa, kisha hakuondoka.

"Dada, ulijua pweza ana mioyo mitatu?"

"Nani amekuambia?"

"Dereva wa Mombasa."

"Na wewe una mingapi?"

"Nilikuwa na mmoja. Nimeingia nao hapa dukani, sasa siuoni."

Akiteng alimfukuza huku akicheka. Kesho yake akarudi na habari ya ulimi wa twiga, kwamba ni mweusi. Madereva walimletea vioja kutoka Kigali, Goma na Juba, naye vyote alivileta kaunta, kama paka anayemletea mwenye nyumba panya. Kwamba asali ikifunikwa vizuri haiozi. Kwamba nyuki wakinusa moshi hukimbilia kunywa asali yao, wakishiba huwa wapole. Kwamba pale darajani dereva anaweza kuwa tayari Kenya, anatafuna kabalagala, vile vibibi vya ndizi, na tela yake bado iko Uganda. Mwaka mmoja na nusu wa vioja. Kisha siku moja alikuja bila kioja. Alisimama tu, akavisugua vidole vyake vyeusi kwa kitambaa, akasema, "Leo sina la ajabu, Akiteng. Nataka kukuoa."

Aliyepinga alikuwa Baba Mdogo Omagor, ndugu wa marehemu baba yake, ambaye sasa ndiye aliyesimama badala yake. "Msamia!" alisema. "Tena wa kushinda mvunguni mwa malori! Wateso wameisha?" Alikubali wageni waje kwa sababu Anyait alimwambia kwamba asipowapokea, yeye mwenyewe atawapokea kwa fimbo yake hiyo.

Walifika saa saba kasoro. Wandera, baba yake mkubwa Mzee Mugeni, na shangazi wawili waliovaa sare ya kitenge cha kijani. Waliketishwa chini ya turubai. Anyait alikuwa ameshajifungia jikoni, ile nyumba ya nyasi nyuma ya uwanja, maana kwa Wateso, na kwa Wasamia vilevile, mama wa msichana na mwanamume anayemposa hawaonani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na mkwe havuki kizingiti cha nyumba anayopikia mama huyo. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Ni heshima, na heshima hiyo ina meno.

"Kijana anafanya kazi gani?" alianza Omagor, kana kwamba hajui.

"Fundi, mzee," alijibu Mugeni. "Anatengeneza tairi."

"Tairi zake?"

"Za watu."

"Kwa hiyo za watu zikiacha kupasuka, mtoto wetu analala njaa."

"Mzee," alisema Mugeni taratibu, "kwa barabara zetu hizi?"

Shangazi wakacheka. Omagor hakucheka. Akiteng alipita na birika la maji ya kunawa, macho chini kama ipasavyo, lakini alipofika kwa Wandera aliiona mikono yake. Alikuwa ameisugua mpaka ngozi ya vidole ikawa nyekundu, na bado weusi wa tairi ulikuwa umebaki pembezoni mwa kucha. Akainua macho kidogo kumtazama. Wandera hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama juu.

"Unaona wale mwewe?" alimnong'oneza. "Wanafuata moto, wanakula panzi wanaoukimbia. Nilipofika walikuwa ng'ambo ya bonde. Sasa wako huku."

Akiteng aligeuka. Juu ya miwa ya jirani, ndege wale walikuwa wanazunguka, kumi au zaidi, chini sana. Kabla hajasema neno, mtu alipiga ukunga.

Kila kitu kilitokea kwa wakati mmoja. Omagor na wanaume wa pale wakanyakua matawi na panga, wakakimbilia miwani. Shangazi wa Funyula wakavua viatu, wakabeba watoto wa jirani, wakapanda kilima kuelekea barabarani. Akiteng alikimbilia mpakani mwa shamba kuwafungua ndama. Alikuwa bado anahangaika na fundo la kamba alipouona mwenge wa majani unaowaka ukipaa kutoka miwani, ukielea kwa utulivu kama mtu anayetafuta kiti, ukashuka juu ya paa la jikoni.

"Toto!"

Aliyekuwa karibu ni Wandera peke yake. Akiteng alimwona akifika mlangoni, akasimama. Hata katika moshi ule aliiona miguu yake ikisita kwenye kizingiti. Sauti ya Anyait ilitoka ndani, kali:

"Usiingie! Wewe, mkwe, usiingie!"

Kisha kikohozi. Kisha tena, "Usiingie!" Kisha kikohozi peke yake.

Moshi ukaziba mlango. Akiteng alikimbia mpaka akapoteza ndala moja. Alipofika uwanjani, Wandera alikuwa anatoka, ameinama kama mbeba gunia, na Anyait yuko mgongoni mwake. Koti la Wandera lilikuwa limemfunika mama kiunoni mpaka miguuni. Mikono yake ilikuwa imemkumbatia kijana shingoni. Kitambaa chake cha kichwa hakikuwapo, na nywele zake nyeupe, ambazo hata Akiteng alikuwa hajaziona kwa miaka, zilipeperuka hadharani.

"Barabarani!" alipiga kelele Akiteng. "Wote wameenda barabarani!"

Wandera akageukia chini, kule kule moto ulikotoka.

"Wandera! Una wazimu?"

"Moto unapanda mlima mbio kuliko mtu! Nikiwa na mama mgongoni hatutafika! Njoo nyuma yangu, vuta pumzi uizuie!"

Walifika mahali ng'ombe walipokuwa wamelisha, nyasi fupi, ambapo ndimi za moto zilifika magotini tu. Wandera aliruka na mzigo wake. Akiteng akakusanya gauni, akaruka. Upande wa pili ardhi ilikuwa nyeusi, inafukuta, inachoma nyayo, lakini haikuwa na kitu tena cha kuungua. Moto ulikuwa umekwisha kula hapo, nao haurudii sahani.

Wandera alipiga magoti polepole, akamwachia Anyait ateremke juu ya lile koti. Kisha akaenda hatua kumi mbele bila kugeuka, akaketi amewapa mgongo. Akiteng akafungua leso yake, akamfunika mama yake kichwa. Anyait akaivuta mpaka usoni. Nyuma yao jikoni likaanguka ndani kwa mlio wa mabua.

Nyumba kubwa ya bati ilipona. Watu wote walipona. Omagor alirudi kutoka miwani amekuwa mweusi kuliko tairi, akamkuta shemeji yake ameketi hai, akainua mikono. "Mungu ni mkubwa! Nani alimtoa?"

"Wandera," alisema Akiteng.

"Alimtoa vipi?"

"Mgongoni."

Mikono ya Omagor ikashuka. Mzee Mugeni, aliyekuwa anakuja nyuma yake akihema, alivua kofia.

"Mgongoni," alirudia.

Tangu wageni wafike, wazee hao wawili hawakuwa wamekubaliana hata juu ya mahali pa kuweka kiti. Sasa walikubaliana kwa kutazamana tu.

"Mambo yamekwisha," alisema Omagor. "Mtu aliyembeba mama hawezi kumwoa binti."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo," alisema Mugeni. "Wandera, inuka twende."

"Mlitaka amwache aungue?" Akiteng alisikia sauti yake ikipanda mbele ya wazee, na hakujali.

"Hatukusema hivyo."

"Basi mnasema nini?"

Mugeni aliizungusha kofia mikononi. Hakuwa mtu mbaya. "Tunasema ni vizuri alimtoa. Na ni vibaya alimtoa. Yote mawili ni kweli, mwanangu."

Wandera aliinuka. Nyusi zake zilikuwa zimeungua, mikono imebabuka. Alimtazama Akiteng kwa muda mrefu, vile mtu anavyotazama nyumba anayoihama, kisha akamfuata baba yake mkubwa.

Jumatatu Akiteng hakufungua duka. Alipita katikati ya malori mpaka kwenye kibanda cha tairi. Vilima vya nyuma vilikuwa bado vinafuka, na madereva waliolala foleni siku tatu walikuwa wanagombana kwa sababu ya kivuli. Wandera alikuwa anagonga rimu kwa nyundo, mikono imepakwa dawa nyeupe.

"Simu yako imezimwa," alisema Akiteng.

"Haina chaji."

"Tangu Jumamosi?"

Akagonga rimu.

"Wandera, nitazame."

"Nikikutazama sitafanya kazi."

"Basi usifanye."

Aliiweka nyundo chini. Akamtazama. Lori lilisogea hatua mbili likasimama. Akiteng aliona uso ule bila nyusi ulivyokuwa mchanga, kama uso wa mtu aliyeshangaa akasahau kuacha kushangaa, akatamani kuugusa hapo hapo mbele ya Malaba nzima.

"Naondoka Alhamisi," alisema Wandera. "Kuna dereva atanipeleka Nimule. Kuna fundi huko anatafuta mtu."

"Nimule? Sudan Kusini?"

"Ni mpakani. Mipaka nimeizoea."

"Usinifanyie mzaha!" Machozi yalikuwa karibu. "Tuvuke basi. Leo hii. Tororo ni hapo tu. Turudi tukiwa mke na mume, waseme watakalo."

"Nikuvushe kama gunia la magendo?"

"Mimi nimekubali kuwa gunia."

"Mimi sijakubali. Mama yako hana jikoni, Akiteng. Unataka nimwondolee na binti?"

"Kwani unaamini wanayosema?"

Wandera aliketi juu ya tairi. Aliitazama mikono yake. "Siamini. Lakini naogopa. Mama yako akiugua kesho, watasema ni Wandera. Ng'ombe akifa, ni Wandera. Mtoto wetu akilia, watamtazama mtoto, kisha watanitazama. Na siku moja, hata kama ni baada ya miaka kumi, wewe pia utanitazama hivyo. Hiyo ndiyo naogopa."

"Basi niambie kilichotokea ndani. Nilimsikia akikukataza. Niambie ulimchukuaje, niende nikawajibu."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Yaliyotokea mle ndani ni ya mama yako. Si yangu kuyasimulia."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Hasira ilimpanda Akiteng kama maziwa yanavyopanda jikoni, ghafla, bila kupiga hodi. "Siku zote una maneno! Ya pweza unayo, ya twiga unayo, ya nyuki unayo. Leo nimekuomba neno moja la maana, huna. Ni domo tu, Wandera. Baba Mdogo alikujua kabla yangu. Nenda Nimule!"

Alitembea haraka, akijikwaa kwenye mawe ya reli. Alipogeuka, Wandera alikuwa bado ameketi, nyundo imelala miguuni pake, na dereva mmoja anamwita, "Boss! Boss, vipi, tairi yangu?"

Tangu Jumamosi Anyait alikuwa amelala kwa jirani yao Akurut, ameupa ukuta uso. Alikula kidogo. Aliomba kitambaa cha kichwa, akakifunga kwa kukaza. Akiteng aliingia akaketi ukingoni mwa kitanda na yale yote aliyokuwa ameyazuia barabarani yakamtoka.

"Anaondoka, Toto. Alhamisi. Na mimi nimemtukana."

Anyait alilivuta blanketi mpaka begani. Kisha akasema, bado ameutazama ukuta, "Amesema nini juu yangu?"

"Hajasema kitu."

"Usinidanganye. Malaba wanavyopenda habari! Lazima wamemuuliza."

"Kila mtu amemuuliza. Akurut ametoka huko jana, anasema madereva wanamtania, wanamwita jina baya, na hajibu. Mimi mwenyewe nimemuuliza nikimlilia. Amekataa. Amesema, 'Ni ya mama yako, si yangu kuyasimulia.'"

Kitanda kililia. Anyait alikuwa amegeuka. "Alisema hivyo? Hata wewe hakukuambia?"

"Hata mimi."

Mama alilitazama paa. "Siku mbili nimelala hapa nikingoja kusikia jinsi ninavyochekwa," alisema. "Mzee mzima, kichwa wazi, nimebebwa mgongoni kama mtoto wa kliniki. Nilijua atasimulia. Vijana husimulia. Niliona afadhali ningeungua." Alijifuta jicho kwa kiganja, kwa hasira. "Nipe fimbo. Mpigie Omagor. Na yule mzee wa Funyula. Jumatano waje wote, na huyo kijana aje."

"Hatakuja, Toto. Nimemwambia maneno mabaya."

"Mwambie ni mimi nimemwita."

Alikuja. Jumatano mchana viti vilipangwa tena uwanjani, safari hii bila turubai, maana liliteketea. Kando yao jikoni lilikuwa limebaki duara jeusi na mawe matatu katikati. Shuka la maua lilitundikwa kwenye mlango wa nyumba kubwa, na nyuma ya shuka aliketi Anyait. Wandera alichukua kiti cha mwisho kabisa. Akiteng alimtafuta kwa macho, lakini macho yake yalikuwa ardhini, hayainuki.

"Omagor," sauti ilitoka nyuma ya shuka. "Umesema kijana huyu alinishika."

"Shemeji, watu wote wanajua."

"Wanajua ya nje. Ndani ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Mimi nilikuwepo."

Shangazi mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Nilimkataza mara mbili," Anyait aliendelea. "Mara ya tatu moshi ulinishika koo. Nikamsikia anasema, 'Mama, naingia kinyumenyume. Sitageuka. Wewe ndiye utanishika.' Akaingia kinyumenyume, anatafuta njia kwa kisigino kama kipofu. Alikipiga teke chungu cha ajon, pombe yenu ya wimbi, kikavunjika, ndiyo maana hamkunywa. Akavua koti, akalirusha nyuma bila kutazama, akaniambia nijifunike. Akachuchumaa. Alikaa hapo, Omagor, paa linaanguka, cheche zinamwangukia kichwani, ananingoja. Hakunivuta. Alikuwa ananingoja niamue." Fimbo yake iligonga sakafu mara moja. "Mimi ndiye niliyenyoosha mikono. Mimi ndiye niliyempanda. Kama kuna mtu amevunja mwiko, ni mimi, na mimi siendi Nimule. Mpaka leo kijana huyo hajui uso wangu. Akinikuta sokoni Bumala atanipita kama mti."

Mzee Mugeni alimgeukia Wandera. "Ni kweli haya?"

"Mama akisema, ni kweli."

"Na kwa nini hukusema, mjinga wewe? Siku nne nimekosa usingizi!"

"Halikuwa langu kulisema, baba."

Akiteng alijishika kifua. Yale maneno yake ya Jumatatu yalimrudia moja moja, na kila moja lilimchoma.

Omagor alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa desturi, na mtu wa desturi haachi shamba kwa sababu jembe moja limevunjika. "Sawa, shemeji. Hakukuona, hakukushika. Lakini alivuka kizingiti. Hiyo hatuwezi kuificha. Mkwe havuki kizingiti cha jikoni la mama."

"Kizingiti kipi?"

"Cha jikoni lako."

"Nenda ukanionyeshe," alisema Anyait. "Nenda, Omagor. Nitakungoja."

Vichwa vyote viligeuka. Pale palipokuwa mlango palikuwa na jivu, na kwenye jivu kuku wa kahawia alikuwa anachakura na vifaranga vyake, akitoka na kuingia mahali ambapo hapakuwa tena na kutoka wala kuingia. Omagor alitazama kwa muda mrefu. 

"Lazima kuwe na kitu," alisema mwishowe, kwa sauti iliyopungua. "Wazee wataniuliza. Siwezi kuwaambia yameisha tu hivihivi."

"Kitu kiwepo. Yeye alete kondoo, mimi nitoe kuku, tubadilishane mbele yenu, ile aibu iondoke. Na anijengee jikoni. La bati. Nyasi nimezichoka."

"Nitajenga," alisema Wandera, kabla hajaulizwa.

"Wewe nyamaza, bado hujapewa mtu," alisema Omagor, lakini ukali ulikuwa umemtoka. Aliinuka, akaweka fulana yake sawa, akamwita Akiteng asimame katikati ya viti. Upepo wa saa nane ulikuwa umeanza. Mbali, upande wa Chakol, moshi mwingine ulikuwa unapanda, na watu wawili watatu waliutazama kisha wakarudisha macho. "Jumamosi moto ulitukatiza kabla ya swali. Sasa nauliza. Mwanangu, hawa watu waliokuja hapa, unawajua?"

Wasichana hujibu swali hilo, ambalo kusema "nawajua" ndiko kukubali posa, wakitazama vidole vya miguu, kwa sauti ya kuku mgonjwa. Akiteng alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake kwa wiki nzima mbele ya kioo cha Akurut. Lilimtoka lote kichwani. Akainua uso.

"Baba Mdogo, Jumatatu nilimtukana huyu kijana mbele ya malori. Nilimwambia ni domo tu. Nilikuwa simjui." Akamgeukia Wandera. "Sasa namjua."

Wandera aliinua macho kutoka ardhini na kumtazama, na hakuyashusha tena, wazee wapende wasipende. Nyuma ya shuka, mama ambaye hakupaswa kuonekana alipiga kigelegele. Kilikuwa kimekwaruzwa na moshi, kikakatika katikati kwa kikohozi. Akavuta pumzi, akakipiga tena.